Kufua na kufufua maikrofaiba kwa maji yetu ya Unguja: lipi ushike, lipi uache

Weka matone mawili ya maji juu ya meza ya kioo. La kushoto lipitishie kitambaa kipya cha maikrofaiba, la kulia lipitishie kile unachokifua kila wiki tangu mwaka jana. Tone la kushoto linapotea. Kitambaa kimelinywa na kioo kimebaki kikavu. La kulia halinyweki. Linasukumwa mbele ya kitambaa kama taka mbele ya ufagio, linapasuka vijitone, na kitambaa kikishapita unaona mistari myeupe ambayo haikuwepo kabla hujagusa. Wengi wetu hapo ndipo tunapokihamishia kitambaa jikoni kiwe cha kushikia sufuria, na huko jikoni ndiko kinakokwenda kufa kweli.

Mie nasimamia usafi wa nyumba ya wageni Mji Mkongwe, mwaka wa tisa huu. Mdogo wangu wa kiume anaosha gari za kubebea watalii kule Mwanakwerekwe. Vitambaa hivi ndiyo kazi yetu sote wawili, na tumeviharibu vingi mpaka tukajua tunaviharibu kwa nini. Kitambaa kilichokakamaa aghalabu hakijafa, kimeziba. Tabu ni kuwa vinavyoziba havifanani: changu kinazibwa na chokaa, chake kinazibwa na nta ya gari. Nikimpa dawa yangu haimsaidii, na yake hainisaidii. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana siki au magadi, mashine au mkono, jua kwanza kila mmoja anazungumzia kitambaa kilichozibwa na kitu chake.

Kilichomo ndani ya kitambaa

Maikrofaiba ni plastiki iliyosokotwa: poliesta ikichanganywa na poliamaidi, yaani nailoni. Lebo nyingi zitakwambia asilimia 80 kwa 20, nyingine 70 kwa 30. Ubora wake umo katika uzi. Kiwandani kila uzi mwembamba hupasuliwa vipande vipande kwa urefu, kama mtu anavyochana ukili, na baina ya vipande hivyo mnabaki nafasi ndogo mno. Maji na vumbi huingia katika nafasi hizo na kushikwa humo. Ndiyo maana kitambaa kizima ukikipitisha juu ya kiganja kikavu kinakwaruza na kushika ngozi. Kilichoziba kinateleza.

Kuna kimoja cha kujihadhari nacho sokoni. Vipo vitambaa vinavyouzwa kwa jina hilohilo lakini nyuzi zake hazikupasuliwa. Vinateleza mkononi tangu siku ya kwanza na havinywi maji hata tone. Hivyo havifufuki, kwa sababu havikuwahi kuwa hai. Ukienda Darajani, pitisha kiganja kabla hujauliza bei.

Maji ya kisima, ya bomba na ya mvua

Watu huanza na sabuni. Mie nakuomba uanze na maji, kwa sababu hapa kwetu ndiyo yanayoharibu vitambaa kuliko kitu kingine chochote.

Unguja tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na sehemu kubwa ya maji tunayotumia yanatoka chini ya mwamba huo, yakipita katika mawe ambayo ni chokaa tupu. Yanafika ndooni yamebeba kalsiamu. Huwezi kuiona, lakini fungua birika lako la chai utazame ule ukoko mweupe ulioganda chini. Ukoko huohuo unajijenga ndani ya kitambaa chako, kidogo kidogo, kila unapokifua na kukiacha kikauke. Skuli tulifundishwa kuyaita maji magumu. Kina bibi zetu hawakuwa na haja ya jina hilo. Walijua tu kwamba maji ya kisima fulani hayashiki povu, na ikinyesha walikuwa wanatoa mapipa nje.

Nilifanya hivi uani kwetu, nawe unaweza kufanya leo. Nilichukua chupa tatu za maji, zile za lita moja na nusu, nikazijaza hadi nusu: moja maji ya kisima cha jirani, moja ya bomba, moja ya mvua niliyoyakinga batini. Kila chupa nikaitia sabuni ya mche iliyokwanguliwa kwa kisu, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, nikafunga na kutikisa mpaka mkono ukachoka. Chupa ya mvua ilijaa povu hadi shingoni, na chini yake maji yakabaki maangavu. Ya bomba ilifanya povu, likasimama kidogo, likashuka. Ya kisima haikufanya povu la maana. Ilibadilika rangi ikawa kama maziwa, na nilipoiacha juu ya ukuta kwa muda yakaanza kuonekana mabonge madogo ya kijivu yakielea, mfano wa maziwa yaliyokatika. Nikachovya kidole na kulisugua bonge moja kwa gumba. Linanata na halitoki kwa maji.

Bonge hilo ni sabuni na kalsiamu zilizoshikana. Sasa fikiria kitambaa chenye nafasi nyembamba kuliko unywele kikifuliwa humo mara 30.

Uchaguzi wangu hapa hauna kigugumizi. Maji ya mvua ni bora kwa mbali, ila usiyapoteze katika kufua. Yaweke kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho, maana maji ya mwisho ndiyo yanayokaukia ndani ya kitambaa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru batini. Pipa moja la masika linanitosha kwa muda mrefu nikilifunika vizuri. Kwa ndugu zetu wa Pemba, ambako mvua ni nyingi kuliko kwetu, hili ni jepesi zaidi.

Maji ya bomba yanafaa kwa kufulia. Ya kisima nayo yanafaa kama huna jingine, ila usiyachanganye na sabuni ya mche, na katika ndoo ya mwisho ya kusuuza tia kijiko kikubwa cha siki. Kisima kilicho karibu na bahari, kile ambacho ukionja unasikia chumvi, kiache kabisa kwa vitambaa vya kioo. Chumvi ikikauka inaacha alama kwenye kila kioo utakachokipitia.

Sabuni ya mche, ya unga na ya maji

Sabuni ya mche naipenda kwa kanga na kwa shuka. Kwa maikrofaiba siitaki, kwa sababu uliyoiona ndani ya chupa.

Na hapa niseme kuhusu sabuni ya mwani, kwa sababu wageni hutuachia vipande na wahudumu wanaona vibaya kuvitupa. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, na sabuni wanayoitengeneza kwa mwani na mafuta ya nazi ni kitu cha kujivunia. Lakini ile ni sabuni ya ngozi. Mafuta yanayoufanya mkono wako uwe laini ndiyo yanayoziba nyuzi. Kaogee.

Sabuni ya unga haigandi na maji magumu kama ya mche, na kwa nguo zenye uchafu mzito inafanya kazi vizuri. Kwa maikrofaiba ina kasoro mbili. Katika maji baridi punje zake haziyeyuki zote, na zisizoyeyuka zinanasa ndani ya nyuzi. Ukikausha kitambaa na kukikung'uta juani utaona vumbi jeupe likiruka. Ya pili, nyingine zimetiwa dawa ya kulainisha nguo, imeandikwa pembeni ya pakiti kwa herufi ndogo. Ukilazimika kutumia ya unga, iyeyushe kwanza ndani ya kopo la maji ya moto, ukoroge mpaka usisikie chembe chini, ndipo uimimine katika beseni.

Sabuni ya maji, ile ya kuoshea vyombo isiyo na rangi nyingi wala mafuta ya kulainisha mikono, ndiyo ninayoishika. Kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10 kinatosha. Watu wanadhani povu jingi ndiyo usafi, wanamimina robo ya chupa, halafu wanasuuza mara mbili na kuchoka. Sabuni iliyobaki ndani ya kitambaa nayo ni uchafu, na kesho yake inakuchorea mistari kwenye kioo.

Dawa ya kulainisha na kunukisha nguo usiikaribishe kabisa. Kazi yake ni kuupaka uzi utando laini, na uzi wa maikrofaiba ukishapakwa umefungwa mlango. Tulikuwa na mfanyakazi mpya, binti mzuri mwenye bidii, akatia kifuniko kimoja cha dawa hiyo katika ndoo ya vitambaa 20 ili vinukie. Kweli vilinukia. Siku ile vioo vyote vya ghorofa ya pili vilirudiwa kwa magazeti.

Mkono au mashine

Kwa nyumba yenye vitambaa kumi au 15, mkono unatosha na una faida: unaona kila kimoja kina nini. Unavifikicha ndani ya maji, hivyo tu. Usivisugue kwa brashi juu ya sakafu ya saruji, wala usivipige juu ya jiwe kama dobi anavyopiga shuka, kwa sababu vitanzi vya nyuzi vinakatika. Na ukikamua, bana kwa viganja viwili. Ukisokota kwa nguvu pindo zinavutika na kitambaa hakilali tena sawa.

Mashine inashinda katika kukamua. Ile ya mapipa mawili, ambayo majumba mengi wanayo, pipa lake la kukaushia linatoa maji yenye sabuni kuliko mkono wowote. Mie nafua kwa mkono na kukamua kwa mashine, umeme ukiwepo. Ukitumia mashine kwa kufua pia, chagua mzunguko wa taratibu na jaza nusu tu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, maikrofaiba ifuliwe peke yake. Ukiitia pamoja na taula za pamba au kanga, inavinyonya vinyweleo vyote vya pamba na haivitoi tena. Utavikuta vimebaki kwenye kioo cha bafuni. Kanga mpya ndiyo mbaya zaidi, maana inatoa vinyweleo na rangi juu yake. Na ndani ya maikrofaiba yenyewe mna madaraja: vya chooni havilali ndoo moja na vya jikoni. Sisi tunatenga kwa rangi, vyekundu choo, kijani jikoni, buluu vioo.

Mdogo wangu ana jambo lake la mchanga, na kwake linapita yote haya. Gari inarudi kutoka Nungwi au Paje imejaa ule mchanga mweupe, ambao ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Mtu anaona ni laini chini ya miguu. Lakini rangi ya juu ya gari ni laini kuliko punje hiyo, na punje moja iliyonasa ndani ya kitambaa inachora mduara kila mkono unapozunguka. Aliwahi kumchorea mteja boneti nyeusi kwa kitambaa kilichotoka kufuliwa. Tulikikata kile kitambaa na kukifunua juani, tukakuta punje tatu zimejificha karibu na pindo, mahali ambapo nyuzi zimeshonewa na maji hayapiti vizuri. Tangu siku hiyo kabla ya sabuni anavikung'uta vikavu, halafu anavizamisha ndani ya ndoo ya maji matupu na kuvitikisa vikiwa vinaning'inia, ili mchanga udondoke chini. Kilichoanguka ardhini hakirudi kwenye rangi ya gari mpaka kifuliwe, hata kama kilianguka kwa sekunde moja. Na lebo ile ngumu ya pembeni anaikata siku ya kwanza, nayo inachora.

Kufufua: maji ya moto, siki, chumvi ya ndimu, magadi

Hapa ndipo watu wanapotaka jibu moja, na jibu moja halipo. Itazame dalili.

Kitambaa kikiwa kinateleza, kina weusi au manjano, na ukikinusa kina harufu ya jikoni au ya nta, kimezibwa na mafuta. Dawa yake ni maji ya moto na sabuni ya maji. Siki haitoi mafuta, hata ukikiloweka wiki nzima. Moto wenyewe uwe wa kiasi: maji yanayochemka sufuria moja, na maji ya bomba kiasi hichohicho, ukichanganya unapata karibu nyuzi joto 60, na hapo ndipo mwisho. Loweka nusu saa, fikicha, mwaga, rudia. Maji ya kwanza yakitoka kama chai ya rangi usishangae. Kwa nta ya gari rudia hata mara tatu, na nta zile za kisasa zinazoganda ngumu juu ya rangi zikikaukia ndani ya kitambaa hazitoki. Mdogo wangu anavitenga vitambaa vya nta, kazi yao ni hiyo tu mpaka mwisho wao, na anavitia majini papo hapo akimaliza kazi.

Kitambaa kikiwa kimekakamaa kama karatasi kikikauka, hakina harufu, kimepauka, na kinalainika ukikilowesha lakini hakinywi, hicho kimezibwa na chokaa au mabonge ya sabuni. Kwangu hivyo ndivyo vingi. Hata maji yangekuwa mazuri, kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Unga mweupe unadondoka usiku na mchana, unaokotwa na kila kitambaa kinachopita juu ya dirisha. Dawa yake ni ukali wa siki au wa ndimu. Ukitaka kuona kwa macho, chota mchanga mweupe wa pwani, uweke kwenye kisosi, umiminie siki: utasikia unachemka kwa vipovu vidogo. Kitu kilekile kinatokea ndani ya kitambaa.

Baina ya siki na chumvi ya ndimu nimebadilisha mawazo. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa siki: kikombe kimoja cha siki nyeupe ya dukani katika lita nne za maji, saa moja. Inafanya kazi, na ipo kila duka. Lakini kwa vitambaa vingi unamaliza chupa, na harufu inakaa mikononi mpaka usiku. Sasa natumia chumvi ya ndimu, ile punje nyeupe inayouzwa kwenye maduka ya viungo na vifaa vya keki. Kijiko kimoja kikubwa katika lita tano za maji vuguvugu, nusu saa hadi saa moja. Haina harufu, inahifadhika kavu ndani ya mkebe, na kwa chokaa nzito naiona inakwenda haraka. Ndimu yenyewe ya mti ni ghali kuipoteza hivi, na nyama zake na sukari zake zinabaki ndani ya nyuzi. Siki ya mnazi nayo ina rangi na masalia, iache kwa achari.

Siku niliyoamini hasa ni hii. Nilikuwa na vitambaa sita vya kioo vya umri mmoja, vyote vimekakamaa. Viwili nikavifua kwa maji ya moto na sabuni peke yake, viwili kwa chumvi ya ndimu peke yake, viwili kwa sabuni ya moto kwanza, nikavisuuza vizuri, halafu chumvi ya ndimu. Vya kwanza vilitoka safi kwa macho lakini bado vigumu. Vya pili vililainika, ila kimoja kiliacha ukungu wa mafuta katikati ya kioo. Vya tatu vilishika ngozi ya kiganja kama siku nilipovinunua. Sababu ni nyepesi: mafuta yakiwa juu ya chokaa, ukali wa ndimu haufiki chini. Toa mafuta kwanza, ndipo ulifuate jiwe.

Baina ya hatua hizo mbili usuuze mpaka povu liishe kabisa. Ukimimina siki ndani ya maji yenye sabuni ya mche, sabuni inavunjika na kurudi kuwa mafuta, utaona inaelea juu kama utando wa mchuzi, na kitambaa kitatoka kibaya kuliko kilivyoingia.

Magadi, na soda ya kupikia, vinasaidia kwa upande mwingine: vinakata mafuta na harufu ya uvundo. Kijiko kikubwa cha soda ya kupikia katika ndoo ya lita 10 ya maji ya moto kinatosha kwa vitambaa vya jikoni. Kwa chokaa havisaidii, na magadi katika maji yetu magumu huongeza ule unga mweupe badala ya kuupunguza, kwa hiyo kwa vya vioo siyagusi. Wapo wanaochanganya soda na siki katika ndoo moja kwa sababu ya povu kubwa linalopanda. Povu lile ni vitu viwili vikimalizana. Kikitulia unabaki na maji ya chumvichumvi yasiyo na kazi kwa mafuta wala kwa chokaa. Tumia kimoja, suuza, ndipo kingine.

Kilicholainishwa na dawa ya kunukisha kinataka subira: maji ya moto na sabuni ya maji, mara mbili au tatu, kila mara maji mapya. Katika vile 20 vya yule binti, 14 vilirudi kazini. Sita vikaenda kufutia vumbi la viti.

Kuchemsha jikoni sikushauri. Joto kubwa linalainisha nyuzi hizi nyembamba, na zikipoa zinabaki zimejikunja. Pasi ndiyo usiseme. Nailoni huyeyuka baina ya nyuzi joto 220 na 260 kwa kutegemea aina yake, na sufuria kavu juu ya jiko la mkaa inafika huko. Ile sehemu inayong'aa na kuwa ngumu kama ukucha kwenye kitambaa cha kushikia sufuria ni nyuzi zilizoyeyuka zikashikana. Hakuna siki itakayozitenganisha.

Jik pia hapana. Klorini inaila nailoni, na kitambaa kinaanza kuchanika kwenye pindo baada ya muda mfupi. Lakini nina jambo kubwa kuliko kitambaa: usichanganye kabisa Jik na siki au chumvi ya ndimu, wala usitie kimoja katika ndoo yenye masalia ya kingine. Inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu vya Mji Mkongwe vingi havina dirisha la maana. Mhudumu wangu mmoja alikohoa siku mbili kwa ndoo ambayo haikusuuzwa. Kuanzia hapo ndoo za Jik kwetu zina alama ya rangi na zinakaa chumba kingine.

Jua au kivuli

Kivuli chenye upepo. Maikrofaiba inakauka haraka, haihitaji jua la saa saba za kaskazi, na jua kali likiendelea miezi linaidhoofisha nailoni. Nusu saa ya jua la asubuhi kwa kitambaa chenye harufu sioni ubaya. Nyumba iliyo ufukweni isianike upande wa bahari, upepo unaleta chumvi, na iliyo kando ya barabara ya vumbi isianike upande wa barabara. Sisi tunaanika kwenye kamba ya ndani ya uwa.

Wakati wa masika ndiyo taabu. Kitambaa kinashinda kamba siku nzima na bado ni kibichi, na kikikunjwa kibichi kabatini kinaota ukungu. Naviweka mbele ya feni usiku, na asubuhi kila kimoja nakigusisha shavuni kabla ya kukunja. Mkono hudanganya, shavu linasikia ubichi.

Uchague vipi basi

Nyumba ya kawaida, vitambaa vichache: sabuni ya maji, mkono, maji ya bomba, na mara moja kwa mwezi chumvi ya ndimu. Nyumba ya wageni kama yetu: hayohayo, ila chumvi ya ndimu kila wiki mbili kwa vya vioo, soda kwa vya jikoni, na pipa la mvua kwa kusuuza mwisho. Muosha gari: maji ya moto na sabuni kila siku, mchanga kwanza kabla ya yote, nta pembeni, na siki kwa vile vya kukaushia tu, maana vinakunywa maji magumu siku nzima juu ya boneti zenye moto.

Maji machafu ya kufulia yamwage karoni, usiyapeleke ufukweni. Kila ukifua, vipande vidogo vya nyuzi hukatika na kutoka na maji, na vile ni plastiki; samaki na chaza wetu hawavihitaji. Ukiweza, yapitishe katika kitambaa cha zamani cha kanga kilichofungwa mdomoni mwa ndoo, kinazuia kiasi, halafu kile kinachobaki juu yake kikaushe na ukitie katika taka.

Na kitambaa ambacho umekipitisha moto, sabuni na ndimu na bado tone linakimbia mbele yake, kipunguzie daraja: kutoka kioo kwenda meza, kutoka meza kwenda matairi, kutoka matairi kwenda mnyororo wa baskeli. Kikimaliza huko kitie kwenye taka. Usikichome uani pamoja na majani, ni plastiki, na moshi wake unaingia dirishani kwa jirani.